Sare ya Mwaka Juzi

Kila mwaka, mahafali ya kidato cha nne yakikaribia, mimi ndiye mwalimu ninayepewa kazi ya kuwaandaa wasichana kwa ajili ya picha. Sikumbuki ilianzaje. Nadhani ni kwa sababu siwafokei. Nawakusanya kwenye darasa la mwisho baada ya vipindi, nawaelekeza mambo yaleyale ya mwaka uliopita, na wananisikiliza kuliko wanavyonisikiliza kwenye Jiografia.

Nawaambia waanze na kola. Joho linafunika kila kitu isipokuwa kichwa, kola na viatu, kwa hiyo mtu mwenye shati moja tu asiogope, atapendeza kama mwenye matano. Loweka, sugua kwa sabuni ya mche, suuza kwa maji yenye bluu kidogo. Bluu ikizidi, shati linakuwa rangi ya wingu la mvua. Kama nyumbani mnatumia pasi ya mkaa, ipeleke kwanza nje uipeperushe majivu, kisha tandika kitambaa chenye unyevu juu ya kola ndipo upige. Poda ukipaka usoni, paka na shingoni, usije ukaonekana umeazima kichwa. Na msihangaike na nywele. Sote hapa tumenyolewa, na kichwa kilichonyolewa vizuri ndicho kinachoshika kofia ya mahafali. Wenye misuko huwa inawateleza.

Nawafundisha na mdomo. Tulipokuwa sisi tunajiandaa, mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa akisema, "Ukicheka unaonekana umeshafeli, ukinuna unaonekana umefiwa." Dawa yake ni kutamka jina la mtu unayempenda, kimyakimya, bila kufungua meno. Jaribuni. Wanajaribu wote pamoja, na darasa zima linakuwa na sura nzuri kwa muda kabla hawajaangua kicheko.

Mwisho nawaambia hivi: ulizeni nyumbani, mapema, nani atakaa kwenye viti, na mjue amevaa nini. Hapo huwa wanacheka wakidhani natania. Siwaelezi. Nimeona afadhali niieleze hapa, kwa utaratibu, kwa sababu darasani nikifika sehemu hiyo sauti yangu haitulii.

Nilisoma sekondari nikiwa nakaa Igoma, kwa baba mkubwa. Baba yangu alikuwa amefariki, na baba mkubwa, kaka yake, ndiye aliyenichukua. Alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha kando ya barabara ya Musoma. Alinilipia kila kilichotakiwa shuleni, na haikupita wiki bila jambo hilo kutajwa. Mama alibaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, akianika dagaa pamoja na kikundi chao cha wanawake. Nilimwona likizo. Siku nyingine zote nilimsikia kwenye simu.

Ukiingia sebuleni kwa baba mkubwa, ukuta uliokutazama ulikuwa wa picha za mahafali. Yeye na mkewe walikuwa na watoto wawili wakubwa kuliko mimi, dada na kaka, na kila mmoja alikuwa pale ndani ya fremu ya dhahabu. Picha zote mbili zilikuwa na mpangilio mmoja: viti viwili mbele, wazazi wamekaa, mhitimu amesimama nyuma katikati yao amevaa joho, mkononi ana karatasi iliyoviringishwa na kufungwa utepe. Ndani ya ile karatasi hamna kitu. Picha inapigwa kabla ya mahafali, na mahafali yanafanyika kabla ya mtihani wenyewe, kwa hiyo kinachoviringishwa ni matumaini tu. Lakini lazima picha iwahi, kwa kuwa siku ya sherehe inatakiwa iwe mezani, kando ya keki, wageni waikute.

Kati ya zile picha mbili palikuwa na msumari mtupu. Mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, aliugonga mwenyewe nilipoingia kidato cha nne. "Hapo ni pako," aliniambia, na nakiri kwamba nilifurahi. Sikuwahi kudai mambo mengi katika nyumba ile. Nilichotaka kwenye picha kilikuwa kimoja: kiti cha mkono wa kulia akae mama.

Nilimwendea baba mkubwa karakanani, akiwa amevua miwani ya kuchomelea anapumzika.

"Baba, siku ya picha mama atakaa?"

"Atakaa. Kwani yeye mgeni?"

"Kwenye kiti?"

"Sasa atakaa wapi, kwenye jiko la mkaa?" Vijana wake wakacheka. "Akae yeye na mama yako mkubwa. Mimi nitasimama nyuma na wewe. Nimekaa picha mbili, zinatosha."

Nilimpigia mama jioni ileile. Akaanza kuuliza maswali ya mtu mwenye kazi mbele yake: viatu gani, kichwani afunge au aache wazi, miguu itaonekana. Nikamwambia kuna sare.

Hapa inabidi nieleze. Katika ile nyumba, kama zilivyo nyumba nyingi za mjini siku hizi, kila sherehe ina sare yake. Kinachaguliwa kitenge, kinanunuliwa kingi, wanafamilia wanagawiwa, kila mtu anashona mtindo wake. Sherehe ikipita, sare ile nayo imepita. Unaivaa sokoni, unaivaa jikoni, lakini huivai tena kwenye sherehe nyingine ya watu walewale. Dada alikuwa na zambarau. Kaka, miaka miwili kabla yangu, alikuwa na rangi ya machungwa yenye michoro kama mapanga ya feni. Yangu ilikuwa bluu yenye maua ya rangi ya dhahabu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Ukikulia humo unaijua kama unavyojua mlango uko upande gani.

Kwenye kikundi cha mama mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wao sare yao ilikuwa moja tangu kikundi kilipoanza. Ndiyo waliyovaa kwenye harusi, ndiyo waliyovaa kwenye misiba, ndiyo waliyovaa akija mgeni kutoka wilayani. Mwanamke akijiunga, anatafutiwa kitambaa kilekile hata kama ni kwa kuzunguka maduka yote ya mjini. Sare ikibadilikabadilika, mama alizoea kusema, hiyo siyo sare, ni nguo.

"Sare ninayo," aliniambia kwenye simu. "Usihangaike."

Na mimi, ambaye mama mkubwa alikuwa amenihakikishia kwamba "mama yako tutampelekea kitambaa," nilielewa kwamba kimeshafika. Nikalala nimetulia.

Wiki ile niliitumia kujiandaa kwa namna ninayowafundisha sasa wanafunzi wangu. Kola niliifua mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Nilikwenda kwa kinyozi wa jirani akaninyoa na kunichonga ukingo wa paji la uso kama mvulana, akasema, "Mhitimu, usipige chafya." Nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikitamka "mama" bila kufungua meno, hadi dada akapita akaniuliza kama jino linaniuma.

Studio ilikuwa palepale Igoma, chumba kimoja nyuma ya duka la simu. Nilitangulia, kwa sababu mama alikuwa amenipigia kusema ameshashuka kwenye kivuko na yuko njiani. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje. Alikuwa amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, na mapajani ameshika mfuko wa nguo alizosafiria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimebadilishia kwa mama ntilie pale. Nimeibeba imekunjwa kwenye mfuko tangu nyumbani, isije ikanuka dagaa kwenye picha yako."

"Picha hainuki, mama."

"Wewe hujui. Kuna watu wananusa kwa macho."

Akasimama ili nimwone. Akageuka, akanyoosha mikono. "Fundi wa kwetu huyo. Ona mabega alivyoyajaza."

Ilikuwa rangi ya machungwa, yenye mapanga ya feni.

Nilikumbuka pale pale ilikotoka. Kwenye mahafali ya kaka, mama aliitwa kuja kusaidia kupika. Kitambaa alipewa siku yenyewe, hakijashonwa, wakati watu wameshavaa, na picha ilikuwa imeshapigwa. Alikiweka. Hakukivaa sokoni wala jikoni. Alikiweka sandukuni kusubiri zamu ya mtoto wake, kwa sababu kwa akili yake, na kwa akili ya wanawake wote aliokuwa akifanya nao kazi, ile ndiyo ilikuwa sare ya nyumba ya shemeji yake.

Sikupata muda wa kusema neno. Gari la baba mkubwa lilikuwa limesimama, na wote wameshuka na bluu yao: mama mkubwa, dada, hata baba mkubwa mwenyewe amevaa shati la kitenge kilekile. Mama akawaangalia. Niliona macho yake yakitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kisha yakashuka kwenye nguo yake.

"Mdogo wangu, karibu sana," mama mkubwa alisema akimkumbatia. "Umependeza. Ila hiyo si ndiyo ya mahafali ya kijana?"

"Ndiyo hiyo, dada. Niliitunza. Leo ndiyo siku ya kwanza naivaa."

"Hiyo ilishapita, mdogo wangu."

"Sare inapita?" mama aliuliza. Hakuwa anabishana. Alitaka kujua.

Dada ndiye aliyejibu. "Mama mdogo, hiyo ni kama jezi. Umevaa ya msimu uliopita."

Wakacheka, na mama akacheka nao. Alicheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesubiri aone wengine wanaishia wapi.

Tukaingia ndani. Ukutani palikuwa na bango lenye picha ya maktaba, vitabu vingi kuliko nilivyowahi kuviona shuleni kwetu, na mbele yake viti viwili vyekundu. Mpiga picha akachukua joho kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa moja kwa watu wote, pana kama hema. Alinivalisha kisha akalivuta nyuma na kulibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. "Mbele mhitimu, nyuma kamba ya nguo," alisema. "Usigeuke tu."

Mama mkubwa akakaa kiti cha kushoto. Kiti cha kulia kilibaki wazi, na kila mtu akakitazama.

"Nilikwambia umpelekee kitambaa," mama mkubwa alimwambia mumewe.

"Mimi? Mambo ya vitambaa nayajulia wapi?"

"Basi ndiyo hivyo. Sasa tunafanyaje?"

Mpiga picha alikuwa kijana mwenye haraka lakini hakuwa na roho mbaya. "Wazazi, nje kuna wateja," alisema. "Mayu, huyu mama yetu, akae tu. Rangi nitaibadilisha kwenye kompyuta, naiweka bluu."

"Halafu aonekane kama amepakwa rangi ya geti?" mama mkubwa alisema. "Hii ni picha ya ukutani, siyo ya kurusha kwenye simu. Mtu akiingia anaona bluu, bluu, halafu chungwa. Atauliza huyu katokea wapi." Akamgeukia mama, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Mdogo wangu, tupige kwanza hii ya sare. Siku ya mahafali yenyewe mtapiga yenu wawili, nzuri kabisa."

"Akae hivyohivyo alivyo," nilisema.

"Nani amemkataa?" baba mkubwa alisema. "Watu wanapanga." Na alipokuwa akisema hivyo alikwenda kwenye kiti cha kulia, akavuta suruali magotini isikunjike, akakaa.

"Baba, ulisema utasimama."

"Nimesema mengi."

"Basi mimi sipigi."

Mpiga picha akajifanya anashughulika na taa. Baba mkubwa hakupandisha sauti. Alisema, akitazama mbele kwenye kamera kana kwamba inampiga tayari, "Aliyekusomesha amekaa hapa. Usimwaibishe mbele za watu."

Nimefundisha miaka kadhaa sasa, na nimeona wazazi wengi wakiwanyamazisha watoto wao. Sijasikia sentensi iliyofanya kazi hiyo vizuri kama ile. Lakini kilichonisimamisha pale hakikuwa yeye. Mama aliweka mfuko wake chini, akaja kwangu. Alininyooshea kola. Akainama, akashika pindo la ile nguo yake ya rangi ya machungwa ambayo haikuwahi kuvaliwa, akanifuta vumbi kwenye viatu, kimoja kisha kingine.

"Simama vizuri," alisema. "Usikunje uso. Ukinuna leo, utakuwa umenuna siku zote."

Akarudi nyuma, akasimama kando ya taa, karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani.

"Mhitimu, angalia hapa," mpiga picha alisema, akiinua kidole juu ya kamera. "Hapa. Kidole changu. Haya, basi."

Joho lilihitajika kwa mteja aliyefuata, likavuliwa mwilini mwangu kabla sijashuka kwenye zulia. Nilipotoka nje mama alikuwa ameshabadili nguo kwa mama ntilie. Alisema anawahi kivuko. Niliomba angalau dada atupige na simu, na dada akasema sawa, lakini mama akasema, "Kwa nguo hizi? Wacha. Tutapiga siku yenyewe."

Siku yenyewe hakuja. Alisema alikuwa ameanika dagaa na wingu limetanda. Huenda lilikuwa limetanda kweli. Kwetu Igoma lilikuwa jua.

Picha ilipotoka, walioiona walisema ni nzuri kuliko zile mbili. Kasoro ilikuwa moja: macho yangu hayatazami mbele. Yamekwenda pembeni, kulia, nje ya picha. Mpiga picha aliomba tuirudie, baba mkubwa akasema hawezi kufunga karakana tena kwa ajili ya macho. Ikatundikwa kwenye msumari wangu. Wageni wakiuliza mbona binti anatazama pembeni, mama mkubwa aliwajibu bila kusita, "Ana makengeza kidogo, tangu mdogo." Nilikuwa nikipita na trei ya soda. Nilijifunza kuipitisha trei bila kumwangalia mtu, ili asije akahakikisha.

Ukuta ule bado upo. Baba mkubwa amezeeka, namsalimia, nampelekea sukari na unga, naye huwaambia walio karibu, "Huyu ni mwalimu. Nimemsomesha mimi." Ni kweli. Kila neno ni kweli. Nimewahi kujaribu kuwa mtu mwema zaidi juu ya jambo hili, na ninapowashauri wanafunzi wangu kuwasamehe wazazi wao nawashauri kwa moyo wote. Kwa upande wangu bado sijaweza kuingia sebuleni mle nikakaa kiti kinachotazama ule ukuta.

Nakala ndogo nilipewa nimpelekee mama, "naye aone." Nilikwenda nayo baada ya mtihani. Nilidhani ataiweka sandukuni. Aliitundika siku ileile ukutani, mahali ambapo mtu akiinama kuingia mlangoni ndipo macho yake yanapoinukia.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke mmoja wa kikundi chao kuchukua turubai la kuanikia. Nilikuwa uani nageuza dagaa, na mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akisimama mbele ya picha.

"Huyu si mtoto wako? Mbona amekuwa mkubwa. Na hawa?"

"Huyu ni shemeji, na huyu mke wake. Ndio waliomsomesha."

"Na wewe uko wapi?"

Niliacha kugeuza dagaa, nikatazama ndani. Mama aliweka kidole kwenye kioo cha picha, juu ya macho yangu, akakiburuza taratibu kuelekea pembeni, kikavuka fremu, kikaenda kwenye ukuta wa udongo, kikasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hapa," alisema. "Mwangalie. Ananitazama."

Yule mwanamke akapeleka uso karibu, akautazama ukuta, akaitazama picha, akautazama tena ukuta. "Kweli," alisema. "Lakini si wangekusogeza kidogo tu? Nafasi ipo."

"Nafasi ilikuwepo, ila sare yao sikuwa nayo. Mimi nilivaa ya mwaka juzi."

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayekiri kosa lake mwenyewe na kuomba asihukumiwe sana. Kisha akamletea turubai. Lilikuwa limekunjwa ndani ya kitambaa cha rangi ya machungwa, kilichokatwa kutoka kwenye gauni, mabega yakiwa bado yamejaa.